Uchungu wa Mwenzio

Katika nyumba zetu huku ughaibuni kuna kesi isiyokwisha. Mama amepika sukuma wiki. Mtoto anaonja, anakunja uso na kusogeza sahani. Nasi wazazi hukumu tunayo tayari: "Huyu keshakuwa Mzungu!" Tumewahi kumkalisha mtoto mezani hadi chakula kikapoa na machozi yakamtoka, tukiamini kwamba tunamfundisha adabu. Je, tulimtendea haki?

Mwaka 1931, huko Marekani, mkemia Arthur Fox alikuwa akimimina unga wa kemikali iitwayo PTC, ukatimka hewani. Mwenzake akalalamika kuwa ni mchungu mno. Fox hakusikia ladha yoyote. Wote wawili walisema kweli. Mwaka 2003 wanasayansi wakaitambua jeni inayohusika zaidi na tofauti hiyo, TAS2R38, inayotengeneza kipokezi cha uchungu ulimini. Kipokezi hicho huhisi pia kemikali za jamii hiyo zilizomo katika kabichi, brokoli na hiyo hiyo sukuma wiki. Tena kimo hata puani, ambako husaidia kutambua baadhi ya bakteria na kuamsha kinga ya mwili.

Sisi tuliosomea uhandisi, vipimo viwili vikitofautiana, huvikagua vyote kabla ya kulaumu kimoja. Mezani tulisahau somo hilo. Na ulimi ule mtoto hakuuokota shuleni kwa Wazungu; aliurithi kwetu.

Kuna watakaouliza: basi kila mtu asingizie jeni, aache mboga? Hapana. Mboga ni afya kwake kama ilivyo kwetu. Ila wajibu ukiwa mmoja, uzito wake si mmoja. Anayekula kisicho kichungu kwake asijisifu. Anayekula huku akisikia uchungu ndiye aliyejitahidi. Na mwenye kuamuru aulize kwanza. Siku hizi mboga tunaziunga kwa tui la nazi na chumvi kidogo, ambayo hufifisha uchungu. Mtoto hali zote, lakini anakula.

Wahenga walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Ni mangapi mengine, ndugu zetu, upweke, baridi, kazi za usiku, ambayo tunawaambia wenzetu "mbona sisi tuliyaweza," kumbe tunapima kwa ulimi wetu?