Wewe ni kabila gani?

Hapa Lobule swali hilo linaulizwa hata kwenye pampu ya maji. Basi tazameni soko la Koboko: Wakakwa, Walugbara, Wanubi (nao ni mchanganyiko wa makabila mengi), Wasudani Kusini, na sisi Wakongomani. Wakakwa wenyewe wako nchi tatu; wakoloni waliwapitishia mipaka katikati. Na Amin alipoanguka mwaka 1979, wenyeji hawa walikimbilia kwetu Kongo na Sudan. Wazee wanakumbuka.

Someni Walawi 19:34. Mama mjane akinyimwa zamu ya maji kwa sababu ya lugha yake, Jumapili tutashikaje kikombe kimoja? Jumatano, baada ya maombi, wazee wa kanisa watapanga zamu upya. Kabila halitaandikwa.