Nani Aseme Kesi Ilikuwa Ngumu?

Katika vyumba vya fluoroskopia kuna maneno matatu yenye nguvu kuliko cheo cha mtu yeyote: "Kesi ilikuwa ngumu." Husemwa mwishoni, glavu zikivuliwa, wakati skrini inaonyesha jumla ya mionzi iliyotumika na kila mtu ameamua kuangalia kando. Sisemi ni uongo. Mara nyingi ni kweli tupu. Ninachouliza ni nani mwenye haki ya kuyasema, na ayaseme lini.

Kwa asiyeijua kazi hii, hakuna kupasuliwa tumbo. Daktari hutoboa tundu dogo kwenye paja au mkononi, akapitisha waya na katheta ndani ya mshipa huku akiongozwa na picha za eksirei zinazotembea kama sinema. Anazibua mshipa wa moyo, au anauziba unaovuja damu, au anamwekea bomba la mkojo mama ambaye saratani ya mlango wa kizazi imebana mirija ya figo zake. Mwaka wa 1964, huko Oregon, Marekani, Charles Dotter alizibua hivyo mshipa wa mguu wa bibi wa miaka 82 aliyekuwa amekataa kukatwa mguu. Bibi akabaki na mguu wake. Basi usinielewe vibaya: hii ni tiba ninayoiheshimu sana. Lakini sinema hiyo haionyeshwi bure. Eksirei ya kifua ni kufumba na kufumbua. Hapa daktari anakanyaga kanyagio kwa dakika tano, na siku nyingine ni saa nzima.

Ngozi ikipokea takriban grei 2 mahali pamoja, inaweza kuwa nyekundu. Kiwango kikipanda zaidi huweza kuja kidonda, nacho hakiji siku hiyo. Huchukua wiki kadhaa. Na kwa kuwa mrija wa eksirei kwa kawaida huwa chini ya meza, kidonda hutokea mgongoni, pale ambapo mwenyewe hawezi kujiona. Mtu ashasahau hospitali, yuko nyumbani anafikiri ni upele, anapakwa dawa ya mba.

Sasa, tutajuaje kwamba mahali fulani mionzi inatumika kupita kiasi? Tume ya kimataifa ya kinga dhidi ya mionzi, ICRP, inapendekeza viwango vya rejea. Unachukua vipimo vya wagonjwa wa aina moja ya tiba katika hospitali nyingi, unapata kipimo cha kati cha kila hospitali, kisha unapiga mstari pale ambapo robo tatu ya hospitali ziko chini yake. Ulio juu ya mstari, jichunguze. Si faini, wala si kikomo cha mgonjwa mmoja mmoja; wagonjwa hawana kikomo, kwa sababu hakuna anayetaka daktari aache mshipa ukivuja eti mionzi imekwisha.

Wakenya tunalijua tatizo la mistari kama hiyo. Tuliorodhesha shule kwa wastani wa alama miaka nenda miaka rudi, hadi serikali ilipopiga marufuku orodha hizo mwaka wa 2014. Shule ya kitaifa iliyochagua watoto wa alama za juu ilipigiwa makofi, na shule ya kutwa iliyopokea kila aliyebisha mlango ikaaibishwa. Hakuna aliyeuliza mtoto aliingia na nini. Hospitali inayopokea wagonjwa walioshindikana kwingine, wanene, wenye mishipa iliyojipinda kama barabara ya kushuka Kerio, itakuwa juu ya mstari daima. Ukiiaibisha, utaifundisha kuwakataa watu hao. Hilo si jambo dogo. Mgonjwa aliyekataliwa haonekani kwenye jedwali lolote.

Kwa hiyo ugumu lazima upimwe. ICRP yenyewe, katika chapisho lake la 135 la mwaka 2017, inakubali kwamba kesi ngumu zaidi huenda zikahitaji kuzidishiwa kiwango. Haya. Lakini mbaazi ukikosa maua husingizia jua, na hapa ndipo ninaposhika kichwa. Wengine huupima ugumu kwa muda wa fluoroskopia. Hebu fikiria: kesi ilichukua muda mrefu kwa sababu ilikuwa ngumu, na tunajua ilikuwa ngumu kwa sababu ilichukua muda mrefu. Ni nyoka anayekula mkia wake. Kwa kipimo hicho, mkono mzito wa daktari unageuka kuwa ugonjwa wa mgonjwa.

Naona mionzi ina vyanzo vitatu: mwili wa mgonjwa, mashine, na mkono. Wa kwanza peke yake ndio unaostahili jina la ugumu. Unene wake, mishipa mingapi imeziba, imeziba kabisa au kiasi, inapopinda, inapogawanyika: haya mengi yanaonekana kwenye picha za awali, kabla hata tundu halijatobolewa. Basi yaandikwe kabla. Yaandikwe na mtu ambaye si yeye atakayeshika waya. Najua kuna mambo yanayogunduliwa ndani tu, na kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mtathmini aliyekaa ofisini asijifanye anajua kila kitu. Daktari awe na nafasi ya kusema "nilikuta hiki," na picha ya hicho alichokikuta iwepo. Tofauti ya "nilikuta hiki" na "ilikuwa ngumu" ni kwamba ya kwanza inaweza kuangaliwa na mtu mwingine.

Wenzangu wengine hulalamika kwamba huku ni kutomwamini daktari. Mimi naona ni kumpa ngao. Mzuri anayepokea kesi mbaya hana utetezi mwingine siku ya hesabu. Na ni ngao ya wadogo pia. Nesi na mpiga eksirei wamesimama mle na aproni za risasi, wakipokea mionzi inayotawanyika kutoka mwilini mwa mgonjwa. Kikomo kilichopendekezwa kwa lenzi ya jicho la mfanyakazi kilishushwa mwaka wa 2011 kutoka milisivati 150 hadi wastani wa 20 kwa mwaka. Kama ugumu ulikadiriwa asubuhi na makadirio yamepitwa, kijana wa mwaka wa kwanza kazini anaweza kusema, "Daktari, tumevuka," bila kuonekana mkosefu wa adabu. Karatasi ndiyo imesema.

Lakini karatasi hiyo ina mpaka wake. Inapima haki kati ya daktari na daktari, hospitali na hospitali. Ngozi haisikilizi sababu. Grei 5 za kesi ngumu huchoma sawasawa na grei 5 za uzembe, na aliyezipokea anadaiwa jambo lile lile kabla hajapanda matatu kurudi kwao: aambiwe, kwa lugha anayoielewa, ni sehemu gani ya mgongo mke au mwana awe anamtazamia kwa wiki zijazo, na apewe nambari ya simu itakayopokelewa.