Chambo Kisicholika

Katika maji ya kina kifupi ya Florida, Marekani, wapo wavuvi wamwindao papa mdogo, wa jamii ya papa nyundo, kwa chambo cha bandia. Papa huongozwa mno na pua. Plastiki haina harufu ya windo, basi mvuvi hana budi kukipitisha karibu na macho yake. Akinasa, aghalabu hutolewa ndoana akarejeshwa majini. Je, huko ni kumhurumia? Mvuvi mwenye njaa naye hulaghai, lakini udhuru wake umo chunguni. Huyu wa mchezo hakutoa chakula wala hakukihitaji. Alichochukua ni nguvu za kiumbe. Kumwachia ni bora kuliko kumuua. Ila kukomesha madhara si kuyalipa.