Aliyechelewa Naye Apimwe

Kila mwaka, shule za sekondari zinapojiandaa kwa michezo ya UMISSETA, huzuka katika nyumba nyingi swali linaloonekana dogo, nasi twaona si dogo. Kijana wa Kidato cha Tatu, tuseme wa Tunduma au Vwawa, ambaye hajapata kushika mpira wa kikapu tangu utoto wake, awaambia wazazi kwamba ataka kwenda kwenye mchujo wa timu ya shule. Baba acheka. Mama auliza habari za masomo. Wenzake wamwambia amekwisha kuchelewa. Je, afanye nini? Na sisi wakubwa tumjibu nini?

Wengi humjibu kwa methali: samaki mkunje angali mbichi. Methali hiyo ina kweli yake, wala hatuibezi. Mpira wa kikapu ni mchezo wa mikono na macho. Mchezaji sharti audunde mpira huku akiwatazama wenzake. Sharti aurushe kwenye kikapu kilicho futi 10 juu ya ardhi, na watu wakimzuia. Mazoea ya namna hiyo hupatikana kwa kurudia jambo lile lile mara nyingi mno, na aliyeanza akiwa na miaka 9 amekwisha kupata mazoea ambayo aliyeanza akiwa na miaka 16 bado ayatafuta. Kumficha kijana kweli hiyo si kumpenda.

Lakini lugha yetu iliyotupa methali hiyo imetupa na nyingine: kutangulia si kufika. Tena tutazame jinsi mchezo wenyewe ulivyoanza. Mwezi Desemba mwaka 1891, katika mji wa Springfield, Marekani, mwalimu James Naismith alitakiwa awapatie wanafunzi wake mchezo wa kucheza ndani ya nyumba wakati wa baridi. Akapigilia vikapu viwili vya matunda, akaandika kanuni 13, akawagawa wanafunzi 18 katika pande mbili. Walikuwa wanaume wazima, wala hapakuwa na hata mmoja aliyewahi kuucheza. Kama kuchelewa kungekuwa kizuizi, mchezo huu usingalizaliwa.

Yafaa pia tuliangalie neno lenyewe, kuchelewa. Twalitumia kana kwamba kila aliyechelewa alikuwa amelala. Katika Mkoa wa Songwe, uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, kama ilivyo katika mikoa mingi ya nchi yetu, mtoto aweza kucheza mpira wa miguu popote penye uwazi, hata kwa mpira wa makaratasi na kamba. Mpira wa kikapu hauchezwi hivyo. Wataka nguzo, ubao, ringi na sakafu ngumu, na shule nyingi za msingi hazina vitu hivyo. Mtoto atajifunzaje mapema jambo ambalo hakupata kuliona? Na binti ambaye jioni zake huishia kwenye kuchota maji, kupika na kulea wadogo zake, tutasemaje kwamba alichelewa kwa uvivu? Kuchelewa kwingi ni kukosa nafasi, na anayemlaumu mtu kwa kukosa nafasi amwongezea dhuluma ya pili juu ya ile ya kwanza.

Sasa twaja kwenye swali gumu zaidi. Je, kujaribu kwa aliyechelewa kuna thamani gani? Watu hupenda kujibu kwa kutaja majina makubwa, nasi tunalo la kwetu. Hasheem Thabeet, aliyezaliwa Dar es Salaam mwaka 1987, alianza mpira wa kikapu akiwa na miaka 15. Mwaka 2009 timu ya Memphis Grizzlies ilimchagua, akiwa wa pili kati ya vijana wote waliochaguliwa mwaka huo kuingia NBA, ligi kuu ya Marekani, akawa Mtanzania wa kwanza kucheza huko. Hakeem Olajuwon wa Nigeria naye aliujua mchezo huu alipokuwa katika shule ya sekondari mjini Lagos, baada ya soka na mpira wa mikono. Mwaka 1984 alichaguliwa wa kwanza, na timu yake ya Houston Rockets ikatwaa ubingwa miaka ya 1994 na 1995.

Habari hizo ni njema, lakini twawasihi wazazi na walimu wasimpe kijana majina hayo kama ahadi. Hao walikuwa watu wa karibu futi 7 au zaidi, na urefu haupatikani kwa mazoezi. Isitoshe, yafuatayo yatupa fundisho kubwa kuliko ushindi wenyewe. Mwaka 2010, katika msimu wake wa kwanza, Thabeet alipelekwa kwa muda katika ligi ya chini ili apate mazoezi zaidi. Baada ya mwaka 2014 hakucheza tena NBA; baadaye alicheza Japani na Taiwan. Basi, kama thamani ya kuanza imo katika cheo alichofikia mtu, tutasema alifanya vema kuanza tulipomtazama mwaka 2009, na alikosea tulipomtazama mwaka 2010? Mtu hawezi kuwa na hekima mwaka mmoja na upumbavu mwaka unaofuata kwa tendo lile lile alilolitenda akiwa na miaka 15. Hatuna budi kuitafuta thamani hiyo mahali pengine.

Sisi twaiona katika jambo ambalo vijana wengi hulikwepa, na wakubwa zaidi yao: kukubali kuwa mwanafunzi mbele ya watu. Kijana wa miaka 16 anayefundishwa kudunda mpira na mtoto wa Kidato cha Kwanza, akachekwa, akaanza tena, amejifunza jambo litakalomfaa akiwa fundi, mkulima, mwalimu au mzazi. Mji wa Tunduma waweza kutushuhudia. Wako wangapi mpakani pale walioacha jembe wakiwa watu wazima, wakajifunza biashara, udereva au lugha za ng'ambo ya Nakonde, wakachekwa kwanza na kuheshimiwa baadaye? Mzazi aliyeanza upya akiwa na miaka 40 hana haki ya kumwambia mwanawe kwamba miaka 16 ni uzee.

Je, kwa kuwa amejitahidi, apewe nafasi katika timu? Hapana. Wapo watakaotukumbusha mfano wa wafanyakazi wa shamba la mizabibu, ambao walioitwa jioni walipata ujira sawa na wa alfajiri. Lakini mwenye shamba alitoa mali yake mwenyewe, wala wa alfajiri hawakupungukiwa na kitu. Nafasi katika timu si mali ya mwalimu wa michezo. Akimpa kwa huruma aliyeanza jana, amemnyang'anya aliyefanya mazoezi miaka mitatu. Huruma inayolipwa na mtu mwingine si huruma.

Anachostahili aliyechelewa ni kupimwa kwa haki. Masharti ya mchujo yajulikane mapema na wote. Kipimo kiwe kimoja, kwa mtoto wa mwenye duka na kwa mtoto wa mbeba mizigo. Mwalimu amtazame akicheza kabla ya kumhukumu, kisha amwambie matokeo ana kwa ana, pamoja na sababu, na lipi alifanyie mazoezi. Mwalimu asemaye, "Wewe keti, wewe ni mgeni wa mchezo," kabla ya kumpa mpira, amemfundisha kijana kwamba milango hufungwa bila kuuliza. Fundisho hilo hukaa moyoni kuliko hesabu na jiografia.

Tena isisahauliwe timu ya pili. Husimuliwa mara nyingi kwamba Michael Jordan alifukuzwa katika timu ya shule yake. Ukweli ni kwamba mwaka 1978, katika shule ya Laney huko Wilmington, aliwekwa katika timu ya vijana wa chini, na nafasi ya timu kubwa akapewa mwenzake aliyekuwa mrefu zaidi. Hakupewa asichostahili bado, wala hakufungiwa uwanja. Shule yoyote yenye mpira mmoja na mwalimu mwenye subira yaweza kufanya vivyo hivyo.

Kwa wazazi twasema: mchezo uwe na saa yake na kitabu kiwe na saa yake; masomo yakianza kuanguka, mchezo usubiri. Lakini msiutumie mtihani kama kisingizio cha woga wenu wa kuona mtoto wenu akishindwa. Na kama ni binti, kaka zake nao waweza kubeba ndoo siku za mazoezi.

Kwako kijana: nenda kwenye mchujo. Jina lako lisiposomwa, uliza sababu kwa adabu, usikilize jibu mpaka mwisho. Kisha kesho yake jioni, wakati ambapo hakuna orodha wala jezi ya kugombea, rudi uwanjani. Ukiona miguu inakwenda yenyewe, utajua kwamba uliupenda mchezo. Ukiona haiendi, utajua kwamba uliipenda jezi, na kulijua hilo ukiwa na miaka 16 si kuchelewa.