Kasa na Mto Lualaba

Mkatekumeni wa Kolwezi aweza kuuliza: kasa, kobe wa baharini, anihusu nini? Na autazame mto Lualaba. Maji yake hufika Kisangani, huitwa Kongo, nayo huingia baharini huko Banana, karibu na Muanda. Katika mchanga wa pwani ile kasa jike hupanda usiku, huchimba shimo, huzika mayai yapata 100, kisha hurudi majini.

Duniani mna aina 7 za kasa. Hufa katika nyavu. Huuawa kwa nyama na magamba yao. Humeza mifuko ya plastiki wakidhani ni chakula. Mwaka 1992 sehemu ya pwani hiyo ilifanywa hifadhi, lakini sheria pasipo dhamiri haitoshi. Mwenye njaa asihukumiwe upesi. Walakini atwaaye mayai yote ya shimo huwanyima wanawe kesho yao. Naye atupaye taka mtoni humdhuru jirani asiyemjua.

Swali: Viumbe ni mali ya nani?
Jibu: Ni mali ya Mungu aliyeviumba, mwanadamu ni mtunzaji wake, naye atatoa hesabu.