Kusafiri na Wazee



Sisi tulio wageni hapa Mwanza kwa ajili ya kazi tulitembelewa na wazazi wetu. Tukapanda nao meli ya usiku hadi Bukoba, kisha gari hadi Mutukula, tuwaonyeshe Uganda. Mpakani baba alichelewa kuandika jina lake, foleni ikanung'unika, nasi tukampokonya kalamu. Hakusema neno mpaka Masaka.

Twasoma katika 1 Samweli 22:3 kwamba Daudi, naye akiwa mkimbizi, aliwapeleka wazazi wake Moabu (ndiko kwao Ruthu, bibi yake Yese), akawaombea kwa mfalme mahali pa kukaa, ilhali mwenyewe hana makao. Nasi tuliona haya mbele ya foleni!

Jioni tulimwomba baba radhi. Akauliza kama mama amekwisha kunywa chai.