Mng'ao wa Bao ni wa Nani?

Bumerangi nyingi za michezo huchongwa kwa plaiwudi nyembamba. Fundi huzipa kingo zake umbo la bawa la ndege: upande mmoja umevimba kidogo, mwingine bapa. Ikirushwa wima huku inazunguka, bawa linalopita juu hukutana na hewa kwa kasi kubwa kuliko linalopita chini. Msukumo haulingani, na kwa kuwa chombo chenyewe kinazunguka, njia yake hupinda hadi ikarudi kwa aliyeirusha. Ulaya, Marekani na Australia wapo watu wanaokusanya bumerangi zilizochongwa kwa mkono. Nyingine huishia ukutani, hazirushwi tena, maana jiwe moja tu linatosha kuzivunja.

Je, chombo kilichoumbwa kiende na kurudi, kikizuiwa kwenda, bado ni chombo kile kile?

Karagwe na Kyerwa hatuna bumerangi. Tuna bao. Ukivuka Mto Kagera kuingia Rwanda utalikuta likiitwa igisoro. Ukivuka pale Murongo kuingia Uganda, linaitwa omweso. Sheria zinatofautiana, lakini ubao ni wa ukoo mmoja: safu nne za mashimo manane manane, kete sitini na nne. Na bao nalo lina wakusanyaji wake, wanaolitaka kwa ajili ya sebule, hoteli au kabati la vioo.

Tuseme mzee mmoja ana bao lililokaa barazani kwake miaka thelathini. Lilipochongwa, mashimo yalikuwa na makwaruzo ya patasi. Sasa kingo zimelainika na mbao imeng'aa kama imepakwa mafuta. Anafika mgeni kutoka mjini, anaweka mezani shilingi laki moja na nusu. Kwa fedha hizo mgeni angeweza kwenda kwa seremala na kuagiza jipya, chenji ikabaki. Halitaki jipya. Anataka ule mng'ao.

Hapo ndipo penye utata. Kinacholipiwa si mti, wala si kazi ya fundi peke yake. Ni vidole vya miaka thelathini: vya mwenye bao, vya majirani, vya waliokwisha kufa, vya watoto waliocheza wakubwa walipokwenda shambani kuchuma kahawa. Wote waliling'arisha, hakuna aliyekusudia, na hakuna atakayepata mgawo. Isitoshe, mnunuzi akishalitundika, kazi iliyoupa ubao thamani yake inasimama siku hiyo hiyo. Analipia matumizi, kisha anayapiga marufuku.

Ni rahisi kumlaani. Lakini tumsikilize mzee kwanza. Bao ni lake, ana mjukuu anayetakiwa kuripoti shule, na mchwa hawabagui urithi wa taifa. Mabao mangapi mazuri yamepasuka kwa jua au yameishia jikoni chini ya sufuria ya ndizi? Lililo kwenye kabati la vioo angalau lipo. Tena kuna ubaya wa aina yake katika kumtaka mtu wa kijijini atunze utamaduni bure, ili sisi tulioondoka tuje kuupiga picha Desemba. Anayesema mzee asiuze, alete ada.

Wala si kweli kwamba kila kilichowekwa bila kutumika kimekufa. Henry Morton Stanley, aliyefika Karagwe mwaka 1876, aliandika juu ya nyumba ya hazina ya Omukama Rumanyika, yenye sanamu za ndege na ng'ombe zilizotengenezwa kwa madini. Ng'ombe yule hakukamuliwa, na hakuna aliyemhurumia. Alitengenezwa akae. Kukaa kwake ndani ya nyumba ya mfalme ndiyo ilikuwa kazi yake. Kwa hiyo swali la kukiuliza kitu si "Je, unatumika?" bali "Uliumbwa kwa kazi gani, na nani anakosa kazi hiyo ikisimama?"

Kwa bao, nani anakosa? Mchezo wenyewe hautakufa. Watoto huchimba vishimo thelathini na viwili ardhini, wakaokota vijiwe, wakaendelea. Kinachopotea ni kikao. Katika jamii yetu kijana hasimami kumbishia mzee, na akisalimia anainama. Lakini mbele ya bao anaruhusiwa kukaa naye ana kwa ana, akamla kete, akamcheka kidogo, na mzee akalazimika kunyamaza na kuhesabu upya. Ni sehemu chache sana ambako umri hauhesabiki. Ubao mkubwa barazani ndio uliokuwa ukiwaita watu wakae. Vishimo vya mchangani huita watoto tu.

Basi naona mkusanyaji hana dhambi kwa kununua, ila ana deni, na deni hilo halimalizwi na laki moja na nusu. Kwanza, aulize jina la aliyechonga na kijiji lilikotoka bao, ayaandike. Ubao usio na jina huwa "sanaa ya Afrika" tu, na Afrika haijawahi kushika patasi. Pili, liwe na kete zake, na mgeni akitaka kucheza aruhusiwe. Mng'ao uliotengenezwa na vidole hauharibiwi na vidole. Tatu, na hili ndilo zito, asiache baraza tupu. Ile chenji ambayo ingebaki kama angeagiza jipya inaonyesha kwamba anaumudu mzigo huu: alipe la zamani, amlipe na seremala wa Kayanga au Nkwenda achonge lingine, likae pale pale lilipokuwa la kwanza.

Litakuwa bao baya mwanzoni. Litakwaruza, litanuka mbao mbichi, wazee watalalamika kwamba mashimo hayana kina. Mng'ao wake utakuwa bado mbele, miaka thelathini mbele, na hakuna mwenye fedha za kuununua mapema. Utapatikana kwa njia moja tu: watu wakae, jioni ya leo, waanze kucheza.